Si kwa Matumizi ya Binadamu

Kimefika leo saa nne na robo, maabara ya Chumbageni,
ndani ya boksi jeupe, barafu kavu ikifuka kama chetezo.
Nikasaini mara tatu.
Mikrogramu hamsini: ukungu tu kitakoni mwa kichupa,
pumzi ya mtu kwenye kioo.
Lebo inasema: protini ya binadamu.
Lebo hiyohiyo inasema: si kwa matumizi ya binadamu.
Nikacheka peke yangu. Mbelwa akageuka kunitazama.

Binadamu gani? Hakuna aliyetolewa hata tone la damu.
Walinakili sentensi moja kutoka kitabu cha mwili wetu,
wakampa bakteria, yule mdogo wa matumboni,
naye, asiye na ubongo wala mgongo wa kuuma,
akaisoma neno kwa neno usiku kucha,
akafuma afyuni asiyoijua raha yake.

Afyuni, nasema, lakini bado.
Huyu ni mtangulizi: uzi mrefu, umejikunja, bubu.
Nafuu yake imo humo ndani, vipande vifupi vifupi,
na mpaka kimeng'enya kipitishe kisu penye maungio
hautulizi hata jino.

Nilijua hili kabla ya kulisomea.
Mimi mtoto wa korona, Ngombezi, nyumba za mstari.
Ukilitazama jani la mkonge huioni kamba.
Unaona nyama ya kijani, mwiba nchani, maji yanayowasha.
Hadi mashine ilikwangue ndipo nyuzi zitoke,
nyeupe, zinyooke kambani juani
kama nywele za bibi aliyetoka kuoga.

Na mashine haichagui.
Ilimkwangua na baba, mkono wa kulia, vidole vitatu.
Vikafungwa kitambaa, vikazikwa nyuma ya ghala.
Nilikuwa darasa la nne. Nikaambiwa nisiangalie.

Hivyo ndivyo vinavyomuuma.
Si saba alivyobaki navyo. Vile vitatu.
Saa nane za usiku kidole cha shahada, ambacho hakipo,
hujipinda ndani ya kiganja, ukucha ukachoma.
Kwenye tahiyatu hukiinua. Najua hukiinua:
bega lake hutikisika kidogo.

Jioni, Makorora, ameshika kikombe kwa kushoto:
"Hiyo mliyoletewa, ni dawa?"
"Si dawa, baba. Kipimo. Tunaweka hii tunayoijua
ili tuitambue ile tusiyoijua, ndani ya damu za watu."
"Kama jiwe la mizani."
"Kama jiwe la mizani."
Akanywa. "Na mimi ninayo mwilini?"
"Unayo. Kila mtu anayo."
"Mbona yangu haikatwi?"

Nimesoma miaka sita. Nina koti jeupe, nina ufunguo wa jokofu
la nyuzi themanini chini ya sifuri.
Nikamwongezea chai.

Usiku umeme ukakatika; nikampigia Mbelwa,
akasema jenereta imekohoa mara mbili, ikakubali.
Kichupa salama. Sikulala tena.
Chumba cha pili nikasikia kitanda.
Nikaingia na tochi. Mkono wake ulikuwa juu ya meza,
kiganja chini, umeishia pale unapoishia.
"Kinawasha," akasema, kwa aibu kidogo.
Nikakuna ubao, inchi mbili mbele ya kovu,
polepole, kwa kucha.
"Juu kidogo," akasema.
Nikapanda juu kidogo.
"Hapo. Hapohapo."