Herufi Iliyong'oka

Nje ya Kecskemét, theluji hadi magotini,
Etelka anawapima watoto wa sungura
kwa mizani ya marehemu mumewe, ya kupimia pilipili.
Yule wa sikio lililolala: gramu mia tisa.
Juzi mia tisa. Leo tena.

Na anakula! Mahindi, pumba, tumbo ngoma.

"Si njaa," kasema Bendegúz, muuza chakula cha mifugo.
"Ni lisini."

Zamani Etelka alichapa barua za korti
kwa taipureta iliyong'oka E.
Hata jina lake lilitoka na mapengo: t lka.
Wino tele, karatasi tele,
herufi moja haipo, neno limekwama.
Kumbe na nyama huandikwa hivyo.

Kachanganya alfalfa, soya, mashudu ya alizeti kidogo;
kidogo, maana protini ya ziada huishia mkojoni,
na mkojo ukavunda, ukachoma macho.

Usiku wa manane, kimya.
Mtoto kajikunja, anapokea mdomoni
kinyesi laini kabla hakijagusa chini:
anapitia upya rasimu yake,
anaokota herufi zilizomponyoka.

Jumatano mizani inatikisika.
Mia tisa na arobaini.
Etelka anafuta miwani, anapima tena.