Kikombe Mkono wa Kushoto

Kwanza tulifundishwa kushika kikombe.
Mkono wa kushoto, alisema Kaidi Roosve,
aliyekuja Tartu kwa treni ya alfajiri
na mfuko wa vibandiko vya majina.
Wa kulia uachwe mkavu, uwe huru,
maana hujui nani atakunyooshea wake,
na ajira, wapendwa, huanzia viganjani.

Tulikuwa kumi na wanne, wote wa uzamivu,
katika chumba cha chini chenye harufu ya makoti mabichi,
tumeshika vikombe vitupu,
tunazunguka tukisalimiana
kama wendawazimu wenye adabu.

Kisha wasifu. Ukurasa mmoja.
Miaka yangu minne ya kinamasi ikaenea mistari miwili,
na nafasi ikabaki.
"Andikeni stadi tano mnazoweza kuhama nazo,"
kana kwamba nyumba inaungua.
Jirani yangu, Hillar, anayeandika sarufi
ya lugha ambayo wasemaji wake hawajazi basi dogo,
aliandika: subira.
Akaandika tena: subira.
Nilipochungulia alikuwa amefika ya nne,
anatafuna kalamu, anaitafuta ya tano.

Mimi nahesabu chavua.
Ndiyo kazi, sina jina zuri zaidi la kuipa.
Tunatoboa kinamasi, tunang'oa mche mrefu wa tope jeusi,
mita moja ni miaka elfu,
naukata vipande kama mkate,
kila kipande nakilaza chini ya hadubini:
msonobari, nyasi, msonobari, msonobari,
hadi chembe mia tano, kisha kipande kingine.
Mama akiulizwa na majirani husema, "Aet yuko maabara,"
halafu huwauliza bei ya kuni.

"Dakika tatu," akasema Kaidi. "Mweleze jirani yako
bila neno gumu hata moja."
Akabonyeza saa.

Ya kwanza niliimaliza nikiomba radhi.
Ya pili Hillar akanikatiza:
"Lakini ukihesabu hivyo, unamtafuta nani?"

Nani. Hakusema nini.
Msimamizi wangu huuliza ngapi.

Nikamwambia: mita mbili na nusu chini
hamna kitu ila msitu.
Kisha, kwenye mbili na robo, chembe moja ya shayiri,
kubwa, ya duara, yenye tundu moja
kama kifungo kilichotoka kwenye shati.
Maana yake mtu alisimama ukingoni,
akaangusha mti, akapanda.
Shayiri ikaja juu, sentimita kwa sentimita,
hadi zilipobaki thelathini na moja:
hapo, hakuna.
Vipande vitatu, hakuna.
Njaa, au tauni, au vita, tope halisemi.
Linasema tu kwamba hapakuwa na mkono.

Saa ililia, nami sikusikia.
Kaidi alikuwa amesimama nyuma yetu,
yeye aliyetukataza kuzidisha hata sekunde.
Akauliza polepole:
"Na ilirudi?"

Ilirudi. Chembe mbili, kisha saba.

Jioni wakaja waajiri: benki, bima, kampuni ya mbegu.
Ufadhili wangu unaisha Agosti,
hilo halikuandikwa kwenye kibandiko.
Kiliandikwa jina, na chini yake: vinamasi.
Priidu Saarmets alikisoma akafurahi kweli.
Wao huuchimba udongo ule ule,
huukausha, huufunga mifukoni,
huuza ng'ambo kwa vyungu vya maua.
Wanamhitaji mtu anayekijua kinamasi kwa ndani.
Mshahara aliutaja bila kushusha sauti.

"Mnachimba hadi kina gani?"

"Mbili na nusu," akasema. "Tukibahatika, tatu."
Akatabasamu, mtu mwema,
mwenye unga wa keki kwenye ndevu,
akaninyooshea mkono.

Chai ilikuwa bado ya moto.
Kikombe kilikuwa kushoto, kama tulivyofunzwa.
Wa kulia ulikuwa mkavu,
uko huru.