Chuma Namba Saba

Arbroath, saa tatu kasorobo asubuhi, mwezi wa tatu.
Nimetoka zamu ya usiku, harufu ya sabuni ya wodi
bado imenasa vidoleni. Watoto wawili wamezaliwa,
mmoja kwa utulivu, mmoja kwa vita.
Nyumbani kitanda kinaningoja. Nimekipita.

Kiwanja cha manispaa kimelala kati ya reli na bahari,
nyasi zake fupi, ngumu kama zulia la ofisi,
na upepo wa hapa haubishi hodi.
Pauni saba, ndoo ya mipira hamsini.
Naimwaga miguuni.

Bi Elspeth Geddes, aliyegawa barua miaka thelathini na mmoja
katika mitaa hii ya mawe mekundu,
ameketi kwenye kiti cha kukunja, chupa ya chai mapajani.
Hanitozi hela. Hunitoza kusikiliza.

"Piga." Napiga.
Mpira unaondoka vizuri, kisha kama umekumbuka jambo
unapinda kulia, unazama kwenye vichaka vya miiba.
"Tena." Vichaka.
"Tena." Kipande cha nyasi kinaruka mbali kuliko mpira.
Ningekuwa nalima, ningeshamaliza heka.

Anainuka, magoti yakilia.
Haniambii habari za mabingwa.
Anagusa kidole gumba changu: kimepauka, kimekosa damu.
"Unamkaba nani?"

Swali lina majibu mengi. Yupo meneja wa wodi
na ratiba yake. Yupo kaka yangu wa Korogwe
anayenikumbuka kila mwisho wa mwezi.
Nipo mimi wa juzi, niliyekosea tarehe kwenye fomu.
Wote nawakuta hapo, kwenye mpini mweusi,
shingo zao ndani ya ngumi yangu.

Nalegeza. Si sana, fimbo isije ikaruka.
Kiasi kile ninachoshika mkono wa kichanga
nikitafuta mapigo: ukibana,
utasikia damu yako mwenyewe.

Miguu, upana wa mabega. Magoti yawe macho.
Kiwiliwili kiinamie mpira kutoka nyongani, si shingoni
kama mtu anayechungulia kisima.
Bega la kushoto lije chini ya kidevu,
na kule juu, mwisho wa safari ya kwanza, usite kidogo,
kama mlango unavyosita kabla haujarudi.
Kisha nyonga zitangulie. Mikono ni wageni,
imealikwa, itafika, haina haja ya kukimbia.

Nayajua yote haya. Nimeyaandika nyuma ya kadi ya daktari wa meno.
Na bado, fimbo ikifika juu,
kifua changu kinafunga duka.

"Kule hospitali," anauliza Bi Elspeth akimimina chai,
"mama akikaza meno, unamwambia nini?"

Nacheka. Treni ya Aberdeen inapita, madirisha yote yakitutazama.
Miaka kumi na tisa nimelisema neno hilo moja,
kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa kiganja mgongoni,
kwa walionitukana, kwa waliovuta sare yangu hadi ikachanika.
Sijawahi kujiambia.

Mpira wa thelathini na nane.
Natazama kitu kimoja tu: doa la udongo
nyuma ya mpira, dogo kama punje ya ufuta.
Dunia nzima na iwe hiyo punje.
Natoa pumzi.

Sikuhisi nguvu. Hilo ndilo lililonishangaza.
Nilisikia "tak", mfupa mdogo wa asubuhi ukirudi mahali pake,
na mikono haikuniletea habari yoyote.
Nilipoinua uso, kwa kuchelewa, kama nilivyofundishwa,
mpira ulikuwa bado unapanda, umenyooka,
mweupe juu ya anga ya rangi ya sufuria.

Bi Elspeth hakupiga makofi. Alifunga chupa yake.
"Huo," alisema, "usiufuate."

Niliufuata, bila shaka.
Wa thelathini na tisa nilitaka uwe pacha wake,
nikaukaba. Vichaka.

Imebaki kumi na mmoja.
Upepo umegeuka, unatoka baharini, na nina usingizi.
Nalitafuta doa.