Mkwaruzo wa Upande wa Kushoto

Shaame wa redio, pale sokoni Wete,
aliliinua boksi la spika kama mtu apimaye kuku,
akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaguna:
"Hili limechoka, dada Mkasi. Jipya ni laki mbili na nusu."
Laki mbili na nusu! Mimi nakunja pindo kwa elfu moja,
na mwezi huu hata maharusi wameadimika.
Nikalitia kichwani boksi langu, nikarudi nalo.

Tatizo lenyewe dogo, nalo halinipi usingizi:
kila nikitia ile kanda ya mazoezi ya kikundi,
udi huku, fidla kule, Bi Tatu anasafisha koo,
upande wa kushoto kitu kinakwaruza,
tk-tk-tk, kinanyamaza, tk-tk-tk,
kama panya kwenye gunia la mchele.

Basi nikaanza na kilicho karibu.
Spika nilizibandua ukutani
shibiri tatu, nne, nikarudisha moja;
besi iliyokuwa ikiumuka kama unga wa maandazi
ikatulia, ikakaa pahala pake.
Chini ya kila boksi sarafu tatu, si nne:
mafiga yalilijua hilo kabla yetu.
Ukuta wa nyuma nikautundikia mkeka,
na bati, lijibulo kila neno kama mtoto mtukutu,
nikalifunga mdomo kwa shuka mbili kuukuu.

Nilifungua boksi. Ndani vumbi, na mende mmoja marehemu.
Nikatia makapi ya kazi yangu:
satini ya bibi harusi wa Limbani,
mkono wa kanzu ya Mzee Faki (hakulipa, hakuvaa),
na sufi ya mto mmoja, nikapiga chafya hadi adhuhuri.
Usishindilie, Mkasi.
Boksi ni tumbo: theluthi moja iachie pumzi.

Karatasi ya spika ilikuwa na ufa.
Nassor wa jirani akanigemea ulimbo wa fenesi,
nikautia kiraka cha daftari lake la hesabu,
kwa hiyo sasa kila wimbo hupita juu ya saba mara nane.
Nyaya nilizikwangua kwa wembe mpaka shaba ikacheka.
Kichwa cha kaseti nikakisugua kwa pamba na spiriti;
pamba ikatoka nyeusi kama wanja.

Jumla: elfu moja na mia nane,
pamoja na soda ya Nassor.

Isha ikapita, umeme upo, nikatia kanda.
Fidla ina kamba, si moshi tena.
Bi Tatu kameza mate kabla ya ubeti wa pili
na mimi nimemsikia akimeza.
Na mkwaruzo?
Uko palepale, kushoto, wazi kuliko jana,
tk-tk-tk, sasa una chuma, una mkanda wa ngozi.
Nikasonya. Nikashika bisibisi.

Nikaiweka chini.

Mguu wangu uliujua kabla ya sikio:
mwendo, kituo cha kugeuza kitambaa, nusu duara,
kisha mbio fupi ya kumalizia.
Ule ni mshono wa kola.
Mazoezi yale yalirekodiwa chumba hiki hiki,
na mama hakuwa na desturi ya kusimamisha kazi
kwa sababu watu wanaimba.
Kanzu kumi na mbili za kikundi, siku tatu,
kwenye cherehani hii niliyoegemeza kiwiko.

Miaka saba nimekuwa nikimwita hitilafu.

Asubuhi Shaame alipita, akasimama mlangoni,
akainamisha kichwa, akasikiliza ubeti mzima.
"Mashallah. Umenifunga mdomo.
Ila kuna kijikelele bado, huko kushoto."
"Kipo," nikamwambia,
nikatunga uzi kwenye sindano.