Bustani Isiyo na Mkwaju

Liepāja, saa tisa usiku, Februari.
Diski imejaa.

Tovuti ya marehemu Skaidrīte haikuwa kubwa:
matufaha mia mbili na kumi na saba,
kila tunda na ukurasa wake, picha moja,
maneno machache juu ya ganda, ukali,
na jirani aliyempa kipandikizi.
Ijumaa wanazima seva.
Nilidhani ningeinakili kwa kikombe kimoja cha chai.

Sasa nasoma daftari la safari za roboti wangu:
tufaha/tufaha/tufaha/tufaha/
anashuka, anazidi kushuka,
kama mgeni anayeuliza njia
kwa mwenyeji mpole asiyejua kusema hapana.
Kila anwani ya uongo, seva inamwambia karibu,
inampa ukurasa uleule.
Gigabaiti arobaini za mlango mmoja.

Kiungo kimeteguka, mwili wote unachechemea.
Nautafuta mteguko kwa kidole, mstari kwa mstari,
hadi tufaha la tisini na tatu:
alisahau alama ya mwanzo,
ile inayosema, anzia mzizini.
Bustani nzima ya matufaha,
na kilichokosekana ni mkwaju.

Namfundisha roboti: ukiona neno limejirudia, geuka.
Anageuka. Saa kumi na moja amemaliza.
Nahesabu. Mia mbili na kumi na sita.

Nahesabu tena.

Ukurasa wa themanini na nane:
alifungua alama za nukuu, hakuzifunga.
Kiungo kikameza kila kilichofuata,
aya, picha, kiungo cha jirani yake.
Miaka kumi na minne hakuna aliyebofya pale,
hapakuwa na pa kubofya.

Naandika anwani kwa mkono.

*Halina jina. Limeota lenyewe nyuma ya stoo ya kuni.
Chungu. Ilmārs hulila na chumvi. Lisikatwe.*

Sijui Ilmārs ni nani.
Mumewe aliitwa Vilnis, nilimbeba jeneza.

Je, nakala niifunge nukuu, au niiache wazi?
Mkono wangu umekaa juu ya kitufe muda mrefu,
magari ya kuzoa theluji yanapita chini.
Kioo hakimchani mtu nywele.
Ukurasa wake nimeuacha ulivyo.

Ila kwenye faili langu, pembeni,
nimeandika njia ya kufika stoo ya kuni,
na nimeianza na mkwaju.