Salfa kwa Dadi

Siku ya tatu mnada haujafunguliwa.
Korosho zimelala ghalani kama wageni wasiojua kuaga,
na mimi, karani wa mizani hapa Mtama,
sina cha kupima ila maneno.

Barua imetoka Newala, ina muhuri wa zambarau:
tupeni Dadi Namwewe, mshambuliaji wenu,
nasi tutawapa Salfa.
Kichwa kwa kichwa, bila nyongeza,
nauli kila mtu ajitegemee.

Salfa! Issa Nankumba, winga wa kushoto.
Jina alilipata kwa sababu akipita
beki hubaki anakohoa, macho yanamwasha,
jezi imepauka kama mkorosho wa mwezi wa saba.

Chinguile ameshasimama juu ya gunia.
"Mwaka ule, pale Ilulu, alimpiga chenga kipa,
akarudi, akampiga tena,
kwa adabu, kama mtu aliyesahau kofia yake."

"Mwaka ule," anasema Mpilipili. "Mwaka ule.
Mimi mwaka ule nilikuwa na meno."

"Ana thelathini na moja!"

"Ya kwenye leseni. Mwanawe wa kwanza ana bodaboda,
juzi kanipeleka Nyangao, na ndevu zake zinanipiga usoni.
Hukohuko Nyangao nikaliona lile goti,
kwenye benchi la hospitali,
limekaa peke yake. Salfa amekaa pembeni."

Wanacheka hata wale wa upande wa Chinguile.
Lakini Chinguile hashuki.
Mpira, anasema, hauulizi umri, unaulizia mahali.
Krosi moja ya yule mtu inatua kichwani
kama mkono wa mama anayekupima homa.
Na kiingilio je? Watu watalipa
wamwone tu akifunga kamba za viatu.

"Na akipoteza mpira, nani atarudi kukaba?
Wewe?"

Somoe, mchambuzi wetu, hajainua kichwa.
Anakata korosho moja kwa kisu, anaitazama, anaitupa.
"Mnabishania ganda," anasema.
Anakata nyingine. Nyeupe, imejaa.
"Hii ya msimu uliopita. Ilikaa pakavu."
Chinguile anapiga makofi.
Anakata ya tatu, ya mfuko uleule: nyeusi.
Hapo wote wawili wakadai wameshinda.

Dadi alikuwa juu ya shehena muda wote huo,
anapanga magunia. Hakuna aliyemuuliza.
Akashuka taratibu, akajifuta shingo.

"Nikiwa darasa la nne nilimshikia Salfa ndala zake
mechi nzima. Kipindi cha pili mvua ikaja,
nikazificha tumboni, ndani ya shati.
Zilikuwa kubwa, zinanuka dawa ya kuchua.
Tangu siku ile najua litakuja pasi la mguu ule,
yeye kushoto, mimi nangoja katikati.
Sasa mnasema yeye aje, mimi niende.
Tutapishana Mkwiti, kwenye zile kona za mlima,
yeye dirisha la huku, mimi la kule,
na vumbi."

Ghala likanyamaza. Panya mmoja akasikika.

"Basi," akasema Chinguile, sauti imeshuka,
"tuwaombe Salfa kwa mkopo."

"Mkopo!" Mpilipili akaruka.
"Sisi wenyewe tumelipwa lini?"

Yakaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.
Dadi akapanda juu ya mizani, kwa mchezo tu,
mikono mfukoni, akisubiri mshale utulie.
Mkono wangu umezoea: nikaandika
kilo hamsini na tisa, pamoja na viatu.
Safu ya daraja nikaiacha wazi.

Na Mpilipili bado anaapa kwa kaburi la shangazi yake
kwamba goti lile halifiki Februari.