Dari Lake, Sakafu Yangu

Busan, Januari. Bi Mal-sun wa ghorofa ya kumi na moja
alibisha saa nne usiku,
mkononi bakuli la wali
lenye maji ya rangi ya chai.
Hakupaza sauti. "Onja," akasema,
"yametoka kwako."

Fundi akapasua sakafu. Bomba la kupasha joto
limekuwa likilia tangu baridi ianze,
nami juu yake, mgongo moto,
naisifu nyumba.
Wanasema ziba ufa.
Wangu ulikuwa chini ya godoro.

Nikashuka na peasi sita ndani ya boksi
na fomu ya bima.
Peasi alizipokea. Fomu aliisoma mara mbili,
kisha akanionyesha ukuta:
waa limeshuka hadi kwenye alama za wino
alipopimia kimo cha mwanawe.
Mwaka wa tisa umefutika, na wa kumi.

Bima italipa dari. Italipa rangi, karatasi ya ukutani.

"Sasa ana kimo gani?" nikauliza.
Akainua kiganja, kikapita kichwa changu,
akakiacha hapo hapo, hewani.

Tone likadondoka bakulini.
"Hilo ni la jana," akasema. "Kaa. Menya peasi."